Tuliyoyaona Tukiwa Botini

Tuliporudi Kingerikiti kutoka Ujerumani tuliulizwa habari nyingi, lakini habari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya boti. Tulikuwa watu watano: katekista, mama wawili wa WAWATA, mwalimu wa kwaya na mjumbe mmoja wa halmashauri ya walei. Tulikuwa tumealikwa Würzburg, mji ambao jimbo lake lina urafiki na Jimbo letu la Mbinga tangu mwaka 1989. Tulikwenda mwezi wa Julai, katika siku za kumkumbuka Mtakatifu Kiliani, shahidi ambaye Kanisa Kuu letu pale Mbinga mjini linaitwa kwa jina lake. Tulisali mahali alipozikwa. Tulitembea katika maandamano pamoja na masalia yake na ya wenzake wawili, Kolonati na Totnani. Hayo yote tuliyasimulia. Watu walisikiliza kwa heshima, wakasema "Tumshukuru Mungu", kisha wakauliza: "Na ile boti?"

Basi tukasimulia ile boti. Tuliisimulia kanisani baada ya Misa, tukaisimulia katika jumuiya ndogo ndogo, tukaisimulia kwenye misiba na kwenye mnada. Makala hii inahusu boti hiyo, na jambo lililotokea kwa sababu ya namna tulivyoisimulia. Tunaiandika sote watano, kwa kuwa kosa lilikuwa letu sote.

Sisi si wageni wa vyombo vya majini. Kingerikiti iko milimani, lakini ziwa liko chini yetu, na ni vigumu kupata ukoo usio na ndugu Mbamba Bay, Liuli au Lituhi. Tunaujua mtumbwi wa gogo, tunazijua boti za injini, na tumesafiri na meli tangu enzi za MV Songea mpaka hii MV Mbeya II ya sasa. Lakini kwetu mtu hupanda chombo kwa sababu anakwenda mahali. Anampeleka mgonjwa, anawahi msiba, ana magunia ya mihogo au usipa wa kuuza. Upepo ukichafua ziwa hushika rozari, na akifika salama hushukuru na kushuka haraka. Würzburg, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, tulipanda chombo ili kutazama tu. Tuliondoka ufukweni, tukaenda, tukageuka, tukarudi palepale tulipotoka, na hakuna aliyeona ajabu.

Boti ile huondoka kando ya kreni ya kale ya mawe, iliyojengwa katika karne ya 18 kwa ajili ya kupakia na kupakua mizigo ya majahazi. Inashuka na mto Main kwa dakika kama 40 mpaka kijiji cha Veitshöchheim, kwenye bustani ya kifahari ya maaskofu wa zamani, maana zamani hizo askofu wa Würzburg ndiye aliyekuwa pia mtawala wa nchi. Ukiwa umeketi juu, nyuma yako unaliona daraja la kale la mawe, na juu yake sanamu kubwa za watakatifu, Kiliani akiwa mmojawapo. Juu ya kilima iko ngome ya Marienberg. Upande wa pili minara ya makanisa imesimama mingi kama miti ya msitu. Kisha mji unabaki nyuma na vilima vinakuja, vimejaa mizabibu iliyopandwa kwa mistari kwenye miteremko mikali. Hapo tulichangamka, kwa sababu sisi ni watu wa miteremko. Tunalima ngoro, tunajua kazi ya kuzuia udongo usiondoke na mvua. Tuliwaonea huruma na kuwaheshimu wakulima wale kabla hatujaona hata mmoja wao.

Mbele zaidi tuliiona nyumba ya watawa ya Oberzell. Mwenyeji wetu alituambia kwamba mwaka 1817, watawa wa kwanza walipokuwa wamekwisha kuondolewa, mafundi wawili, Koenig na Bauer, walianzisha humo kiwanda cha mitambo ya kuchapa. Leo masista wanaishi humo tena. Tuliletewa juisi ya zabibu na kahawa. Sisi wakulima wa kahawa tuliinusa, tukatazamana, tukauliza inatoka wapi. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alicheka kidogo, akasema hajui. Tulipiga picha. Katika picha moja tumesimama sote watano kando ya reli ya boti, glasi mkononi, minara nyuma yetu, na jua la jioni usoni. Ni picha nzuri. Tuliituma kwenye kundi la simu la parokia kabla hata hatujashuka.

Hiyo ndiyo boti tuliyoisimulia, na hakuna neno la uongo ndani yake.

Mwaka uliofuata, baada ya msimu wa kahawa, mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, alikuja kwa katekista jioni. Wengine wetu tuliitwa. Alikuwa na kijana wake wa kiume, mwenye umri wa miaka 23, mtulivu, mpiga kinanda mzuri. Kijana huyo alikuwa ameuza sehemu ya shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu baba yake, miti iliyokwisha kukomaa, akampa fedha mtu mmoja wa mjini aliyemwahidi safari ya Ulaya na kazi katika boti za watalii. Hakumwuliza mama yake. Alisubiri miezi mitatu katika chumba cha kupanga mbali na nyumbani. Siku moja simu ya yule mtu haikupatikana tena. Kijana alirudi usiku ili asionekane. Mama yake alipochukua simu yake, aliikuta ile picha yetu ya botini ndiyo iliyowekwa mbele, ile inayoonekana kila simu inapowaka.

Mama yule hakupiga kelele. Alisema: "Wanangu, sikuja kugombana nanyi. Nimekuja kuuliza neno moja tu. Kule mlikokwenda, hakuna mtu anayelia?"

Tulinyamaza. Na tulinyamaza kwa sababu jibu tulilijua.

Tulikuwa tumeshuka botini. Siku iliyofuata mwenyeji wetu alitupeleka katika jengo la manispaa ya mji, katika chumba kimoja kidogo cha chini. Katikati ya chumba kuna mfano wa mji, umetengenezwa kama mtoto anavyotengeneza nyumba za udongo. Lakini nyumba zile hazina mapaa. Ni kuta tupu, mtaa baada ya mtaa. Hivyo ndivyo Würzburg ulivyokuwa baada ya usiku wa tarehe 16 Machi 1945. Ndege za Waingereza zilikuja, zikamwaga mabomu ya moto kwa dakika kama 20, na watu wapatao 5,000 wakafa. Karibu mji wote wa kale uliteketea, Kanisa Kuu likiwamo. Dakika 20 ni nusu ya muda wa safari yetu ya boti, kwenda tu. Minara ile tuliyoipiga picha, mingi ilisimamishwa upya baada ya vita kutoka katika vifusi. Na kila mwaka, usiku wa tarehe hiyo, kengele za makanisa hulia kwa muda uleule, ili hata aliyezaliwa jana ajue.

Wala hawakutuambia habari za mabomu ya wengine tu. Walitupeleka mbele ya stesheni ya treni, mahali palipowekwa masanduku na mabegi ya mawe, mbao na chuma, mizigo isiyo na wenyewe. Kati ya mwaka 1941 na 1943 Wayahudi zaidi ya 2,000 wa mji huo na vijiji vya jirani walipakiwa katika treni na serikali ya nchi yao wenyewe, na karibu wote waliuawa. Majirani waliwaona wakipita. Walitueleza pia kwamba zamani, kati ya mwaka 1626 na 1631, chini ya askofu mtawala, mamia ya watu walichomwa moto mjini humo kwa kushukiwa uchawi, na watoto walikuwamo. Sisi tunaotoka nchi ambayo bibi kizee anaweza kuuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni, tuliinamisha vichwa.

Na kulikuwa na mambo madogo. Jumapili ya kawaida, katika kanisa la mtaa tuliolala, tulihesabu watu wasiofika 40, wengi wao wazee. Bibi aliyewapokea mama wetu wawili nyumbani kwake alikuwa mjane mwenye watoto watatu, wote wanaishi mbali. Kila jioni aliandaa chai ya mwisho, halafu chai nyingine ya mwisho, ili wageni wasiende kulala. Usiku wa kuagana alimshika mmoja wetu mikono na hakuiachia kwa muda mrefu. Hatukuwa na lugha moja, lakini kulia hakuhitaji mkalimani.

Hayo yote tuliyaona. Na tuliporudi hatukuyasema.

Hapa ndipo swali letu linapoanza, na tunaomba msomaji atusaidie kulifikiri. Je, mtu aliyesema kweli tupu, lakini akaacha nusu yake, ameshuhudia uongo? Amri ya nane tuliifundishwa tukiwa watoto katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza: usimshuhudie jirani yako uongo. Tulidhani maana yake ni kutosema jambo ambalo halikutokea. Kwa kipimo hicho sisi tu safi. Boti ilikuwapo, mto ulikuwapo, juisi tulikunywa. Hata hivyo mtoto wa mjane ameuza miti ya baba yake.

Mmoja wetu alijitetea, na utetezi wake tuliupima kwa haki. Alisema: hatukumwambia mtu yeyote auze shamba. Kijana ana akili zake. Aliyemtapeli ni yule mtu wa mjini, si sisi. Hayo ni kweli. Mungu hatatudai fedha alizokula mwizi. Lakini mkulima anajua kwamba mbegu na udongo ni vitu viwili, na vyote viwili huhitajika. Mwizi alileta mbegu yake. Nani aliulainisha udongo? Kijana yule hakuwa na sababu ya kumwamini mgeni wa mjini. Alikuwa na sababu ya kutuamini sisi, watu wa parokia yake, tuliosimama mbele ya altare na kueleza mahali ambapo hakuna mtu anayelia.

Mwingine alisema: kunyamaza si kosa siku zote. Watoto wawili wa Nuhu walipomkuta baba yao amelewa, uchi hemani, walirudi kinyumenyume wakamfunika, nao wakabarikiwa. Huenda nasi tuliwafunika wenyeji wetu. Walitupokea, wakatulisha, je, ingefaa turudi nyumbani kutangaza moto wao, aibu zao na upweke wao?

Utetezi huu ulitusumbua zaidi, kwa kuwa una sura ya upendo. Tuliukalia siku kadhaa. Mwishowe tukaona tofauti, na tunaiandika hapa labda itamfaa mwingine. Kuna ukimya unaomfaidi yule anayefunikwa, na kuna ukimya unaomfaidi yule anayefunika. Watoto wa Nuhu hawakupata kitu kwa kunyamaza kwao. Aliyepata ni baba. Ukimya wetu ulimfaidi nani? Wenyeji wetu hawakuuomba. Wao wenyewe ndio waliotupeleka katika kile chumba, ndio wanaopiga zile kengele, ndio walioweka mizigo ya mawe mbele ya stesheni, mahali ambapo kila mgeni anashukia. Waliamua kutoficha. Waliofaidika ni sisi. Tulipoisimulia boti, watu walisogeza viti. Watoto walitufuata njiani. Kama tungesimulia habari za yule bibi na chai yake, tungekuwa watu wa kawaida waliokwenda kumtembelea mtu wa kawaida. Tulitaka kuwa watu waliofika peponi na kurudi.

Tukiri basi. Hatukuwafunika wenyeji wetu. Tulijipamba.

Jambo hili lilitufumbua macho kuhusu namna tunavyotazamwa sisi. Ufukweni pale Liuli kuna jiwe kubwa linalojulikana sana, jiwe la Pomonda. Wajerumani waliokuja ziwani kwa meli zao zaidi ya miaka 100 iliyopita walilitazama kutoka majini, wakaona sura kama ya ile sanamu kubwa ya Sphinx kule Misri, wakaiita bandari ile Sphinxhafen. Hawakusema uongo. Kutoka majini linafanana. Lakini wazee wa Liuli husimulia jambo jingine: kwamba katika vita vya Wangoni watu walijificha ndani ya jiwe lile, na watoto wao wakaishi. Aliyelitazama kutoka melini aliona sanamu ya nchi nyingine. Wenyeji walilijua kama kimbilio.

Na kule Würzburg, ndani ya kasri la maaskofu, juu ya ngazi kuu, tuliona dari kubwa iliyochorwa na Mwitalia Tiepolo mwaka 1752 na 1753. Amechora mabara manne kando ya mbingu. Afrika ni mwanamke juu ya ngamia. Ni mchoro wa ajabu, na dari ile ilinusurika usiku ule wa moto. Lakini Tiepolo hakuwahi kukanyaga Afrika. Mama mmoja wa msafara wetu aliitazama sana, akasema: "Mimi nimezaa watoto sita Afrika na ngamia sijampanda." Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Tulicheka, lakini sisi tulifanya kazi ileile ya Tiepolo, tena bila ufundi wake. Yeye aliichora Afrika bila kufika. Sisi tulifika, tukaichora Ulaya kama watu wasiofika. Hata wageni wanaokuja kwetu huenda hufanya hivyo kwa upande wao. Hupita na gari, hupiga picha ya mtoto asiye na viatu, hurudi kwao na kusimulia nchi ambayo watu hulia tu. Hawasimulii ngoma ya usiku wa mavuno wala vicheko vya wanawake kisimani. Wao huchukua machozi yetu, sisi huchukua minara yao. Kisha kila upande unauhurumia au kuuonea wivu upande mwingine, na hapo urafiki bado haujaanza. Humfahamu rafiki yako mpaka umejua kinachomliza na kinachomchekesha.

Kitabu cha kwanza cha Samweli kinatueleza jinsi nabii alivyokwenda Bethlehemu kumpaka mafuta mfalme, akamwona mtoto mkubwa wa Yese, mrefu na mzuri, akadhani ndiye. Mungu akamkatalia, akamfundisha kwamba Yeye hatazami kama binadamu anavyotazama. Binadamu huishia usoni, Mungu hufika moyoni. Samweli alikuwa nabii, na bado alitazama kama mtu aliye botini. Basi sisi tusijidhani. Wanafunzi wa Yesu nao waliyashangaa mawe makubwa ya hekalu, wakamwonyesha. Yeye akawaambia kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Tulipokuwa katika kile chumba, mbele ya nyumba zisizo na mapaa, katekista wetu aliikumbuka habari hiyo. Yesu hakulichukia hekalu, aliulilia mji. Aliyeliona hekalu zuri na akaulilia mji ni Yeye peke yake. Wengine waliona mawe tu.

Tena tukamfikiria Kiliani. Alitoka Ireland, akavuka bahari, akafika katika nchi ile ya mto Main. Angeweza kupita. Wasafiri wengi walipita. Yeye alishuka, akakaa, akajua watu wanaoana vipi na wanateseka vipi. Mapokeo yanasema aliuawa mwaka 689 kwa sababu alimwambia mtawala wa nchi kwamba ndoa yake na mjane wa ndugu yake si halali. Asingeweza kufa kifo hicho kama angebaki mgeni wa kutazama. Mgeni husifu chakula na kuaga. Anayeambiwa na kuambia ukweli ni yule aliyeshuka. Na Kiliani mwenyewe alimfuata Bwana wake. Tunapokiri katika Kanuni ya Imani kwamba Mwana wa Mungu alishuka kutoka mbinguni, tunakiri jambo hilihili. Hakutuokoa kwa kututazama kutoka juu. Alikuja akalala njaa yetu, akalia kwenye kaburi la rafiki yake, akafa kifo chetu.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatutubu kwa sababu ya kupanda boti. Kuna waliotuambia baadaye kwamba starehe ile ilikuwa dhambi, kwamba mtu wa parokia yenye zahanati isiyo na dawa za kutosha hapaswi kunywa juisi juu ya mto wa watu. Hatukubaliani nao. Wenyeji wetu walitupa zawadi. Walitaka tufurahi, na kukataa furaha unayopewa kwa moyo mweupe ni kiburi cha aina yake. Yesu alikwenda harusini Kana, na divai iliyokuwa bora kuliko zote ilikuwa ni yake. Jua lile la jioni juu ya maji tutalishukuru mpaka kufa. Dhambi yetu haikuwa kuona uzuri. Ilikuwa kuutenga uzuri na gharama yake, kisha kuwapa ndugu zetu uzuri peke yake, kama mtu anayempa mtoto asali bila kumwambia habari za nyuki.

Wala hatusemi kwamba lazima mtu asimulie kila kitu. Nani angeweza? Hata mwinjili Yohane anamaliza kwa kusema kwamba mambo aliyoyatenda Yesu ni mengi mno kuandikwa. Kila simulizi huacha kitu nje. Lakini kabla ya kuacha, msimulizi na ajiulize mambo mawili: ninaliacha kwa faida ya nani? Na huyu anayenisikiliza, akiamini hiki tu nilichomwambia, kesho ataamka afanye nini? Kama tungejiuliza hilo la pili siku ile kanisani, tungemwona yule kijana amekaa nyuma ya kinanda.

Tulifanya nini basi? Tulimwomba Paroko nafasi ya pili, baada ya Misa ya Jumapili. Hatukumtaja kijana wala mama yake. Tulisema kwamba mwaka uliopita tuliwapa nusu, na leo tumeleta nusu iliyobaki. Tukasimulia chumba kile, mizigo ya mawe, wachawi waliochomwa, kanisa lenye watu wasiofika 40, na bibi wa chai. Watu walikuwa kimya kuliko siku ya boti. Mwishoni mzee mmoja alisimama, akauliza kama yule bibi bado yu hai. Tukasema ndiyo. Akasema: "Basi tumwombee kwa jina lake." Tukamtaja, tukamwombea. Katika mazungumzo yote ya safari yetu, huo ndio ulikuwa wakati wa kwanza ambapo Kingerikiti ilimpa Würzburg kitu.

Kuhusu shamba, Zakayo alirudisha mara nne. Sisi hatukuiba, lakini jina la Zakayo halikutuacha. Miti iliyouzwa haikurudi. Mnunuzi alinunua kihalali. Tulichanga miche ya kahawa, tukapanga zamu, tukaenda kuipanda katika kipande kilichobaki, na tukachimba ngoro upande wa chini kwa ajili ya mahindi na maharage. Mama mjane alitupikia ugali na usipa. Kijana alilima nasi, akisema kidogo. Miche itazaa baada ya miaka mitatu au minne, Mungu akipenda, na mpaka hapo atalima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Deni hatujalimaliza.

Siku moja ya zamu, wakati wa kupumzika, alitoa simu, akatuonyesha. Ile picha alikuwa hajaifuta. Alimwuliza mwalimu wa kwaya: "Hapa mlipokuwa mnacheka hivi, ule moto mlikuwa mmekwisha kuusikia?"

Mwalimu akasema: "Bado. Tulikuwa hatujashuka."

Kijana akaitazama picha tena, akairudisha simu mfukoni, akachukua jembe.